Baiskeli Kumi na Tisa

Soko la Namjeong, 4 Machi

Mama So-dam,

Dagaa wakavu wamefika, na salamu zako nimezikuta humo humo ndani ya gazeti ulilowafungia. Ahsante. Mimi mzima, miguu inafanya kazi, tofu inaganda kama kawaida. Usinipigie simu. Simu yangu mbovu, na mchana mikono yangu iko kwenye maji ya soya. Ukiwa na neno, andika.

Leo mimi ndiye mwenye neno. Juzi baraza la mji limetundika kitambaa kikubwa pale darajani. Njia ya baiskeli ya Barabara ya Mierebi itaondolewa yote, kuanzia hapa sokoni, kuvuka daraja, mpaka kituo cha mabasi. Ni ile ya kijani, yenye tuta dogo la zege linaloitenga na magari. Mwaka huu ina miaka kumi na mmoja. Wameandika kwamba barabara "inarudishwa kwa wananchi". Nilisimama chini ya kitambaa hicho na baiskeli yangu, kreti mbili za tofu nyuma, nikajiuliza mimi ni mwananchi wa wapi.

Hilo la baiskeli libaki baina yako na mimi. Mumeo nilimwambia mwaka juzi kwamba nimeacha, kwamba tofu yangu inachukuliwa na kigari. Alikuwa amenihubiria sikukuu nzima kuhusu mifupa ya wazee, nikamwambia hivyo ili alale. Ukweli ni kwamba kila asubuhi napeleka kwenye mikahawa saba, na sina kigari wala nia ya kigari.

Nimekuwekea nakala ya ripoti. Inasema kwa saa nzima walipita waendesha baiskeli kumi na tisa tu. Nimeisoma mara mbili, naona maneno ya serikali yamejipanga kama askari lakini siyaelewi. Wewe umesoma. Nifasirie kwa lugha ya watu.

Mbusu So-dam.

Tak Bong-im


Incheon, 12 Machi

Shikamoo Mama,

Nimefurahi kupata barua yako, ingawa ningefurahi zaidi kuisikia sauti yako. Nilikupigia mara tatu mwezi uliopita. Mara mbili ulipokea ukakata kabla sijamaliza kujitambulisha. Labda ni simu, kama unavyosema.

Ripoti nimeisoma. Ukiondoa maneno marefu, mambo yaliyobaki ni matatu. Kwanza, hesabu ilifanywa siku moja tu, tarehe 31 Januari, kati ya saa nane na saa tisa mchana, pale darajani. Pili, magari yalihesabiwa siku nyingine, asubuhi, wakati wa msongamano. Tatu, wamelinganisha hesabu hizo mbili kama vile ni za saa moja. Kwa hiyo wanachosema ni kwamba njia inakula nafasi kubwa kwa ajili ya watu wachache.

Hali ya hewa ya siku hiyo haikuandikwa. Kama ningekuwa mkazi wa huko, ningeuliza hilo kwanza.

Sisi hatujambo. Jikoni kwetu shuleni tumeanza muhula na watoto mia nne na kidogo, na nusu yao hawataki mboga. So-dam anajifunza baiskeli kwenye uwanja wa nyuma ya jengo. Mwanao In-gyu ana kazi nyingi, anarudi amechoka. Siri yako nimeitunza.

Mkweo,
Eun-sil


Soko la Namjeong, 20 Machi

Mama So-dam,

Tarehe 31 Januari nimeitafuta kwenye daftari langu la tofu. Nimeandika: "Utelezi. Sikutoka." Ilinyesha usiku ikaganda, daraja lilikuwa kama kioo. Yule fundi cherehani jirani yangu, Gye-hwa, anakumbuka kwamba postamasta alianguka mlangoni pake siku hiyo na akashonewa suruali hapo hapo akiwa ameivaa. Kwa hiyo watu kumi na tisa waliopita juu ya barafu saa nane mchana, mimi nawaita mashujaa. Mtaalamu aliyeandika ripoti kawaita wachache.

Sijui huyu mtaalamu mama yake alimlea vipi. Mtu anasimama darajani kwenye barafu, anaona hakuna anayepita, halafu hajiulizi. Hata kuku angejiuliza.

Basi tumehesabu sisi. Mimi, Gye-hwa, na wanawake wawili wa kwaya ya kanisa lake. Tulikaa kwenye viti pale darajani Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Gye-hwa alikuja na kalamu akachanganyikiwa kabla ya saa moja. Mimi nilikwenda na mabakuli mawili na soya. Akipita mtu, punje moja inahama. Jumanne punje 388, Alhamisi 402. Wengi ni wanafunzi wa sekondari na wauguzi wa hospitali iliyo upande wa kituo. Wauguzi wanaotoka zamu huendesha macho yamefumba nusu. Wale ndio walionitia hofu. Uwatoe nyuma ya tuta lile uwaingize kati ya malori?

Nilitaka kukwambia umuulize In-gyu, maana kazi yake ni barabara. Halafu nikaona asisumbuliwe. Ila kama utamkuta amekaa vizuri, muulize kwa mbali tu: hesabu ya namna hii mtu aliyesoma anaifanyaje?

Bong-im


Incheon, 2 Aprili

Mama,

In-gyu anasema hawezi kusema lolote kuhusu kazi za miji mingine, ndiyo kanuni ya kampuni yake. Usimlaumu.

Lakini mimi nina ushauri, na naomba usiseme umetoka kwangu. Soya ni nzuri, ila ukumbini zitachekwa. Kila baada ya robo saa andikeni idadi kwenye karatasi, na tarehe, na hali ya hewa, na jina la aliyehesabu. Wanafunzi muwaandike mbali na watu wazima. Wanaokwenda na wanaorudi muwatenge, maana hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa. Hesabuni siku tatu tofauti, mojawapo iwe ya mvua, hata kama idadi itashuka. Karatasi yenye siku mbaya huaminiwa zaidi.

So-dam ameachia mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Bado hajaniamini niachie kiti.

Jana nilipiga tena. Ulisema, "Ndiyo, ndiyo, nimekula," ukakata. Nilikuwa nimekuuliza kama naweza kuja wikiendi. Nimechukua hiyo kuwa ni hapana. Sina neno, Mama. Nataka tu ujue kwamba niliuliza.

Eun-sil


Soko la Namjeong, 19 Aprili

Mama So-dam,

Ya simu yaache. Nimekwambia mbovu.

Karatasi zako zimefanya kazi. Siku ya mvua tulipata 171, Gye-hwa akataka tuifiche, nikamkatalia kwa maneno yako bila kukutaja. Saini za kuitetea njia tumefikisha elfu moja mia moja na arobaini. Muuguzi mmoja, Bi. Noh, alizipeleka kwa wenzake wodi kwa wodi.

Mwenyekiti wa wafanyabiashara ni Bang, yule wa makabati. Huyu ndiye aliyetundika kitambaa cha pili, chekundu, cha kuunga mkono baraza. Alikuja dukani kwangu akakaa juu ya gunia.

"Dada Tak," aliniambia, "mteja wangu akinunua kabati, alibebe mgongoni?"

Nilimwambia alete gari la mizigo.

"Gari hilo lisimame wapi? Juu ya paa?"

Nililala na swali hilo siku tatu, nikaona ana haki. Tukaongeza kwenye maombi yetu nafasi ya kupakia mizigo mbele ya maduka, saa tatu mpaka saa tano. Nilimpelekea mwenyewe. Akasoma, akanirudishia. Anataka barabara nzima. Tena akanilaumu kwamba nina kiburi, kwamba wiki iliyopita aliniita kwa nyuma mara nne sokoni nikajifanya simjui. Nilimwambia nilikuwa na haraka.

Kikao cha kusikiliza maoni ni tarehe 16 Mei, ukumbi wa kata, saa nne. Mtaalamu mwenyewe atakuja kuisoma ripoti yake. Wenzangu wamenichagua niseme. Gye-hwa alinitazama akauliza, "Wewe? Kati ya watu wote?" Nikamwambia ndiyo, mimi. Nina hamu ya kumwona huyo mtu uso kwa uso.

Bong-im


Incheon, 8 Mei

Mama,

Leo ni Siku ya Wazazi na badala ya ua jekundu nakutumia hii. Ningekuja mwenyewe, lakini shule haikunipa ruhusa, na simu tumeshaona.

Mtaalamu ni In-gyu.

Nilijua tangu Machi, nilipoona jina la kampuni kwenye nakala yako. Nilimuuliza akakubali. Alikuwa huko tarehe 31 Januari, yeye mwenyewe, na mwavuli. Alitoka kituo cha treni, akasimama darajani saa moja, akarudi kituoni. Nilipomuuliza kwa nini hakuvuka daraja kuja kwako, alisema alikuwa na treni ya saa kumi. Kwenye ripoti aliandika kwamba hesabu irudiwe majira ya kuchipua. Wakubwa wake wakaifuta sentensi hiyo, naye akaiacha ifutwe.

Kosa langu ni kubwa kuliko lake. Yeye aliamini hupandi tena baiskeli. Aliniambia hivyo, kwa maneno haya: "Hata hivyo Mama haitumii." Nami nilikuwa na barua yako kwenye mfuko wa aproni, nikanyamaza, kwa sababu nilikuahidi. Siri yako nilimficha yeye, na siri yake nilikuficha wewe, nikijiambia kwamba huko ndiko kuwa mke mwema na mkwe mwema. Ule ushauri wa hesabu nilikutumia ili nijione nina upande.

Jana nimemweleza kwamba bado unaendesha. Aliuliza, "Atakuwepo?" Nikasema utakuwepo na utasema. Anasema hawezi kujitoa siku chache kabla, hakuna mwingine aliyeiandaa.

Ukiona vyema usiende, hakuna atakayekulaumu. Ukienda, naomba usishtuke ukimwona.

Nisamehe.
Eun-sil


Soko la Namjeong, 18 Mei

Mama So-dam,

Barua yako ilifika tarehe 13. Niliisoma, nikaisoma tena, nikaiweka chini ya mzani. Siku hiyo tofu ilikataa kuganda, nikaimwaga yote. Hiyo ndiyo hasira yangu, imekwisha. Ila lile la daraja bado linanichoma kidogo. Kutoka pale mpaka mlangoni kwangu ni dakika kumi kwa miguu, hata kwenye barafu.

Nilikwenda. Nitakuandikia yote maana najua yeye hatakusimulia.

Ukumbi ulijaa. Kina Bang upande wa madirisha, sisi upande wa mlango, wauguzi wamesimama nyuma na sare zao. In-gyu alikuwa jukwaani, mezani, na tai ile ya kijivu uliyomnunulia. Aliniona nikiwa safu ya tatu. Akainamisha kichwa, kama mtu anayemsalimu mzee yeyote. Nami nikainamisha. Alisoma ripoti yake, kurasa zilikuwa zinageuka. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba nilijua yuko wapi kwa kuangalia vidole vyake.

Zamu yangu ilipofika nikapewa kipaza sauti. Nikasema siku zetu tatu, idadi, hali ya hewa, majina ya waliohesabu. Nikasema kuhusu barafu. Sikumtaja. Nikasema tu kwamba mtu aliyehesabu alikuja siku mbaya na akaondoka mapema.

Halafu mwenyekiti wa kikao akamwachia mtaalamu aulize. In-gyu akasema kitu. Niliona mdomo. Nikafikiri ananiuliza kuhusu wanafunzi, nikajibu kuhusu wanafunzi. Watu wa upande wa madirisha wakacheka. Akasema tena, polepole. Nikafikiri anataka tarehe, nikampa tarehe. Wakacheka zaidi, na Bang akafungua mdomo akasema jambo kwa jirani yake, nao wakacheka peke yao.

Nikamgeukia Gye-hwa. Alikuwa ameshika mkoba wake na anatazama sakafu, maana yeye anajua. Ni yeye peke yake aliyejua.

Basi nikasema. Nilisema hivi, na nakuandikia kama nilivyosema, kwa sababu wewe nawe ulistahili kuambiwa kabla ya ukumbi mzima: "Sisikii. Sikio la kulia limekufa miaka minne sasa. La kushoto linasikia ngoma na mlango ukigongwa kwa nguvu. Gari likija nyuma yangu silijui mpaka linipite. Kengele sisikii, honi sisikii. Kwenye ile njia kuna tuta, gari haliji, kwa hiyo naweza kwenda kazini kama mtu mwingine. Mkiitoa, mimi nakaa nyumbani. Sijui wangapi wengine wako hivyo. Hilo halimo kwenye hesabu yenu wala yangu."

Nikarudisha kipaza sauti nikakaa.

In-gyu alisimama. Alisema jambo, karatasi amezilaza mezani. Alisema kwa muda mfupi. Kisha upande wetu wakapiga makofi na upande wa madirisha wakatazamana, na mtu mmoja mwenye suti mezani pale akamvuta koti akae. Mimi nilikuwa sijui kimetokea nini. Gye-hwa alinieleza tulipotoka nje. Aliniandikia kwenye kiganja kwa kalamu ya chaki ya nguo: amesema hesabu ilikuwa ya siku moja, ya barafu, isitumiwe kwa uamuzi wowote.

Nilipomtafuta, walikuwa wameshamwingiza kwenye gari.

Kuhusu simu sasa unajua. Ulipouliza kuhusu wikiendi nilifikiri umeniuliza kama nimekula.

Bong-im


Incheon, 27 Mei

Mama,

Miaka minne nimedhani hunitaki.

Naandika hivyo bila mapambo kwa sababu nimechoka kupamba. Kila ulipokata simu nilikuwa naketi jikoni nikihesabu makosa yangu: achari ya kimchi niliyoitia chumvi sana mwaka ule, harusi ya binamu ambayo hatukuja, mtoto mmoja badala ya wawili. Orodha yangu ilikuwa ndefu na nzuri. Kumbe ni sikio.

In-gyu alirudi siku ile saa kumi na mbili jioni. Alivua viatu, akavipanga, akakaa karibu navyo pale mlangoni mpaka So-dam alipomwendea akamuuliza kama anataka kutoka tena. Kampuni imemwondoa kwenye kazi hiyo. Sababu waliyoandika ni kwamba hakuwajulisha kuwa mji huo ni kwao, na kwa hilo wana haki. Sasa anakagua mitaro ya maji ya mvua. Anasema mitaro haina maoni.

Nimemuuliza kwa nini hakuona. Miaka minne, sikukuu mbili kila mwaka, mtu na mama yake. Alisema siku zote ulikuwa unazungumza wewe, na yeye alikuwa anaitikia. Hajui ni lini kuitikia kwake kulikoma kukufikia.

Njoo ukae nasi kiangazi, au tuje. Hospitali hapa ina daktari wa masikio. Sikulazimishi. Nauliza kwa maandishi ili jibu lako liwe la swali lenyewe.

Eun-sil


Soko la Namjeong, 30 Juni

Mama So-dam,

Jibu la swali lenyewe: njooni ninyi. Daktari nimekwisha kumwona, huku huku, miaka mitatu nyuma. Kile kifaa cha kusikia nilikivaa miezi miwili. Mashine ya kusagia soya ilikuwa inaingia kichwani kama treni. Nitakijaribu tena majira ya baridi, kazi ikipungua. Hiyo ndiyo ahadi, usiisukume. Na kimchi ile ilikuwa na chumvi kweli, lakini tuliimaliza.

Baraza limeamua. Madiwani kumi kwa saba. Njia inaondolewa kuanzia daraja mpaka kituo cha mabasi. Kipande cha kutoka soko mpaka daraja kinabaki, mita mia sita, "kwa heshima ya wazee wetu". Yaani mimi. Diwani alikuja na mpiga picha, akataka nisimame naye juu ya rangi ya kijani nishike kreti ya tofu. Nikamuuliza kwa nini nisisimame upande wa pili wa daraja. Akasema kule mwanga si mzuri.

Mikahawa yangu saba yote iko upande huu. Kwa hiyo mimi nimepata nilichoomba, chote. Wanafunzi na wauguzi hawakupata hata hatua moja. Wenzangu wawili wa kwaya wanasema tushukuru tunyamaze, tusije tukapoteza na hiki. Tumegombana. Gye-hwa hajui ashike upande gani, anashona tu kwa hasira.

Tarehe 26 walikuja na mashine wakang'oa matuta. Kazi ya siku mbili. Bang amepata maegesho yake, tena hayakumsaidia sana, maana yamejaa magari ya watu wanaopanda basi. Alinijia kuniambia hivyo, safari hii akasimama mbele yangu ili nione mdomo. Nilimtengea kiti.

Bi. Noh muuguzi sasa anaendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu, na wazee wanamtukana. Mimi ni mzee lakini simtukani. Tumeandika maombi mapya, kwa kile kipande cha pili. Baraza limekubali hesabu irudiwe Oktoba. Sisi tutahesabu sambamba nao.

Bong-im


Soko la Namjeong, chumba cha juu ya duka la nguo, 12 Oktoba

Mama,

Sijawahi kukuandikia barua. Naandika hii nikiwa juu ya duka la Bi. Gye-hwa, hatua arobaini kutoka kwako, kwa sababu jana mezani nilipiga kelele na wewe ukaniambia, "Usipige kelele, andika." Basi naandika.

Nilichukua likizo ya siku nne. Umeniona nikihesabu, lakini matokeo sijakupa yote. Kwenye kipande kilichobaki, asubuhi, wastani ni 240. Kwenye kipande kilichoondolewa, 61. Idadi hii ya pili ni sahihi, na ni ya hatari. Watu wa baraza nao wamepata karibu hiyo hiyo. Watasema: tazama, hakuna anayepita, tulikuwa na haki. Kwa hiyo nilikwenda shule ya sekondari na hospitali nikauliza wengine wamekwenda wapi. Wanafunzi 130 sasa wanaletwa na magari ya wazazi. Wauguzi wengi wanapanda basi, wanangoja dakika arobaini wakitoka zamu. Bi. Noh bado anaendesha. Yumo kwenye wale 61. Nimeyaandika haya chini ya jedwali, kwenye ukurasa huo huo, ili mtu asiweze kunakili namba akaacha maelezo. Nimetia saini jina langu lote na nikaandika kwamba mimi ni mwana wa mlalamikaji.

Sijui kama itatosha. Naona itakosa kura moja au mbili barazani.

Sasa jambo la pili. Januari sikuwa na haraka ya treni. Kulikuwa na nyingine saa moja baadaye. Nilisimama darajani nikaona taa ya duka lako inawaka, nikajua nikija utaniuliza nimefuata nini, na mimi nilikuwa najua tayari ile karatasi inatakiwa iseme nini. Niligeuka. Sina maelezo mengine.

La tatu. Bi. Gye-hwa amenionyesha alichokuandikia kiganjani siku ya kikao. Ni kweli nilisema hayo. Lakini kabla ya hayo nilisema jambo jingine, bila kipaza sauti, na yeye alikuwa mbali. Nilisema, "Mama, sikujua." Nilikuwa nakutazama, na wewe ulikuwa unanitazama, nikafikiri umesikia. Mpaka nimefika Incheon nilikuwa nafikiri umesikia na umekataa kujibu.

In-gyu


Soko la Namjeong, 13 Oktoba

Baba So-dam,

Barua nimeikuta chini ya mlango. Ungeweza kubisha hodi, lakini sawa, nisingesikia.

Ile siku mdomo wako niliuona ukisema kitu kifupi. Nilidhani unamwambia mwenyekiti afunge kikao.

Kuhusu kura, andika hivyo hivyo ulivyoandika. Ikikosa, tutahesabu tena Machi, na punje ninazo.

Wikiendi ijayo mlete Mama So-dam na mtoto, aje na baiskeli yake. Nitampeleka mpaka darajani na kurudi. Mwambie mapema asije akaona namwonea: hataendesha nyuma yangu. Ataendesha mbele, nimwone.

Mama yako